Maana na Asili ya Neno "Convoluted" katika Sayansi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari katika nchi zetu hukutana na neno la Kiingereza "convoluted" mahali pawili. Mahali pa kwanza ni katika somo la biolojia, penye mchoro wa figo, ambapo sehemu mbili za mrija mwembamba zimeandikiwa jina hilo. Mahali pa pili ni katika somo la Kiingereza, ambapo mwalimu huandika neno hilo hilo pembeni mwa insha kwa wino mwekundu, akimaanisha kwamba sentensi imepindapinda mno hata haieleweki. Katika somo la kwanza neno ni jina la sehemu ya mwili. Katika somo la pili ni lawama. Mwanafunzi mwenye kufikiri atauliza: je, kuna kasoro gani katika mrija wa figo hata ukaitwa kwa jina la sentensi mbovu?

Swali hilo ni la haki. Mwanafunzi asipojibiwa, hukariri neno kama mtu anayebeba mzigo uliofungwa asijue kilichomo ndani. Atalitamka kwa usahihi siku ya mtihani, na baada ya mtihani litamtoka. Nia ya makala haya ni kulifungua neno hilo, kuonyesha picha iliyomo ndani yake, na kuifuata picha hiyo katika mimea, katika figo, katika ubongo na katika hesabu. Tutaona kwamba maana ya kwanza ya neno haikuwa vurugu hata kidogo. Ilikuwa ni mpango.

Shina la neno

Neno "convoluted" limetokana na Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Shina lake ni kitenzi "volvere", yaani kuviringisha au kubingirisha. Mbele ya kitenzi hicho huwekwa kiambishi "con", chenye maana ya "pamoja". Kwa hiyo "convolvere" ni kuviringisha kitu pamoja, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anavyoviringisha mkeka baada ya wageni kuondoka. Mkeka uliokuwa umetanda chumba kizima sasa unasimama pembeni mwa ukuta. Haukupungua hata ukindu mmoja. Urefu wake wote bado upo, ila umehifadhiwa katika nafasi ndogo.

Msomaji aishike picha hiyo ya mkeka, maana ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata. Kilichoviringishwa kina mambo matatu: kina urefu mwingi, kimewekwa katika nafasi ndogo, na kina utaratibu unaokiwezesha kukunjuliwa tena.

Waingereza walilipokea nomino "convolution" katika karne ya 16. Kivumishi "convoluted" kilipata makao yake katika maandishi ya wataalamu wa maumbile wa karne ya 18, waliohitaji neno la kueleza majani, makombe na viungo vya wanyama vilivyojiviringa. Huko lilikuwa neno la kueleza umbo tu, kama tunavyosema "duara" au "bapa", bila kusifu wala kulaumu.

Ukoo wa neno

Neno moja la Kilatini likijulikana vizuri, huleta pamoja nalo ukoo mzima. Tuangalie ndugu wachache ambao mwanafunzi wa sayansi huwatumia kila wiki.

"Revolve" ni kuviringika na kurudi, yaani kuzunguka. Kutokana nalo tunapata "revolution", mzunguko mmoja kamili. Mwaka 1543 Nicolaus Copernicus alipochapisha kitabu chake cha Kilatini kilichoeleza kwamba dunia hulizunguka jua, neno la mizunguko lilikuwamo katika jina la kitabu chenyewe. Maana ya mapinduzi ya kisiasa ilizoeleka baadaye: hali ya mambo imegeuzwa kama gurudumu.

"Evolve" ni kukunjua kilichoviringishwa. Warumi waliandika vitabu vyao katika karatasi ndefu za mafunjo zilizoviringishwa, na aliyetaka kusoma alikunjua kidogo kidogo. Neno la mwisho katika kitabu cha Charles Darwin cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi ni "evolved". Viumbe vimejikunjua hatua kwa hatua, kama maandishi yanavyojitokeza mbele ya macho ya msomaji.

"Volume" ndilo litakalomshangaza mwanafunzi wa fizikia. Kilatini "volumen" kilikuwa ni kitabu kilichoviringishwa. Kutoka kitabu, neno likahamia kwenye ukubwa wa kitabu, na kutoka ukubwa wa kitabu likahamia kwenye ukubwa wa kitu chochote. Hivyo mwanafunzi anapopima ujazo wa maji katika silinda ya maabara, hutumia neno lililoanza kama jina la kitabu.

"Volvox" ni jina ambalo Carl Linnaeus alikipa, mwaka 1758, kiumbe kidogo cha kijani cha maji baridi, ambacho ukikitazama kwa hadubini hukiona kikibingirika kama mpira. Hata malori na mabasi yenye jina la Volvo yamo katika ukoo huu. Jina hilo la kampuni ya Uswidi, ambayo ilitoa gari lake la kwanza mwaka 1927, ni Kilatini kitupu, na maana yake ni "nabingirika".

Picha hiyo katika mimea

Warumi waliita "convolvulus" mmea unaojizonga kwenye mimea mingine. Waliliita kwa jina hilo hilo kiwavi anayejiviringishia jani la mzabibu. Linnaeus alilichukua jina la mmea akalifanya kuwa jina la jenasi, na mwaka 1753 alikiweka humo kiazi kitamu. Baadaye wataalamu walikihamishia katika jenasi ya Ipomoea, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kama mnyoo", lakini familia nzima bado huitwa Convolvulaceae. Kwa hiyo kila anayelima viazi vitamu, na kila anayepika matembele kwa nazi, ana uhusiano wa karibu na neno tunalolichunguza. Mwanafunzi wa mwambao atamwona ndugu mwingine wa familia hiyo akitambaa juu ya mchanga wa pwani, mwenye maua ya rangi ya zambarau na majani yaliyogawanyika mfano wa kwato za mbuzi. Jina lake la kitaalamu, Ipomoea pes-caprae, lina maana hiyo hiyo ya mguu wa mbuzi.

Mfano ulio bora kuliko yote, hata hivyo, ni mgomba. Jani changa la mgomba hutoka katikati ya shina likiwa limeviringika kama bomba jembamba, ukingo mmoja ukiwa ndani na ukingo wa pili ukiwa nje. Wataalamu wa mimea huuita mpangilio wa namna hiyo "convolute". Faida yake ni dhahiri. Jani pana kama lile haliwezi kupenya katika shina likiwa limetanda. Likiviringishwa, hupita mahali pembamba bila kuchanika, na likifika juu penye nafasi na mwanga hujikunjua lenyewe.

Tumba la ua la mpamba nalo linafaa kuchunguzwa. Petali zake tano zimepangwa kwa kupishana, kila moja ikifunika ukingo wa jirani yake wa upande mmoja, nayo ikifunikwa na jirani wa upande wa pili, hata tumba zima huonekana kama limesokotwa. Vitabu vya botania huuita mpangilio huo "contorted", na vingine huuita "convolute".

Picha hiyo katika figo

Sasa turudi kwenye figo. Figo la mtu mzima lina urefu wa sentimita 11 hivi. Ndani yake kuna vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, kwa wastani milioni moja hivi katika kila figo, ingawa idadi hiyo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kila nefroni huanza na kikombe kidogo kilichofumbata fundo la mishipa midogo ya damu. Kikombe hicho kilielezwa vizuri na daktari Mwingereza William Bowman mwaka 1842, na hadi leo kina jina lake. Maji ya damu huchujwa humo, kisha huingia katika mrija. Mrija hujiviringa mara nyingi karibu na kikombe, hunyooka na kushuka chini, hukata kona na kupanda tena, halafu hujiviringa mara ya pili kabla ya kumwaga maji yake katika mrija mkubwa wa kukusanyia. Sehemu hizo mbili zilizojiviringa ndizo ziitwazo "convoluted".

Kwa nini mrija ujiviringe? Tufanye hesabu. Figo zote mbili huchuja lita 180 hivi kwa siku, lakini mtu hutoa mkojo wa lita moja au mbili tu. Maji mengine yote, pamoja na sukari na chumvi nyingi, lazima yarudishwe katika damu, na kazi hiyo hufanywa na kuta za mrija. Kiasi cha theluthi mbili ya maji yaliyochujwa hurudishwa katika sehemu ya kwanza peke yake. Katika mtu mwenye afya, karibu sukari yote hurudishwa hapo hapo. Kazi kubwa kama hiyo inahitaji ukuta mkubwa.

Sehemu hiyo ya kwanza ina urefu wa milimita 15 hivi na kipenyo cha milimita 0.055 hivi. Eneo la ukuta wa mrija ni pai mara kipenyo mara urefu:

3.14 × 0.055 × 15 = milimita za mraba 2.6 hivi.

Eneo hilo ni dogo sana. Lakini tukilizidisha kwa milioni moja tunapata milimita za mraba milioni 2.6, yaani mita za mraba 2.6, na hilo ni eneo la kuta za nje tu katika figo moja. Ndani ya mrija kila seli ina vijinywele vidogo mno vinavyoongeza eneo hilo maradufu mara nyingi. Tukipanga mirija hiyo milioni moja kwa mstari, mmoja mbele ya mwingine, tutapata mstari wa kilometa 15. Huo ni mwendo wa saa tatu hivi kwa miguu, na umewekwa ndani ya kiungo kinachoweza kushikwa katika kiganja.

Yote hayo yanawezekana kwa sababu ya kujiviringa. Tabaka la nje la figo, ambamo sehemu hizo zimo, lina unene usiozidi sentimita moja hivi. Mrija wa milimita 15 usingeweza kukaa humo ukiwa umenyooka. Tena, kujiviringa huko si kwa ovyo. Mrija ukishashuka na kupanda, hurudi hadi kwenye kikombe chake wenyewe na kugusa mishipa ya damu inayokihudumia. Hapo seli maalumu hupima chumvi iliyomo katika maji yanayopita, na hutoa ishara ya kupunguza au kuongeza mchujo. Mwanafunzi anayeutazama mchoro huo haraka haraka huona uzi uliotatana. Anayeufuata kwa kidole huona njia yenye mwanzo, kituo cha ukaguzi na mwisho.

Picha hiyo katika ubongo

Mikunjo ya ubongo pia huitwa "convolutions". Wamisri wa kale waliiona mapema sana. Katika hati moja ya mafunjo kuhusu majeraha, iliyoandikwa kabla ya mwaka 1500 K.K. na ijulikanayo leo kwa jina la Edwin Smith, mwandishi aliyeeleza fuvu lililovunjika alilinganisha uso wa ubongo na mikunjo inayotokea juu ya shaba iliyoyeyushwa.

Katika karne ya 3 K.K., tabibu Erasistratus aliona kwamba ubongo wa binadamu una mikunjo mingi kuliko ya wanyama aliowachunguza, akahitimisha kwamba mikunjo ndiyo chanzo cha akili. Miaka 400 hivi baadaye tabibu Galen alimpinga kwa hoja fupi: hata punda ana ubongo wenye mikunjo mingi. Mabishano hayo yana funzo kwa wanafunzi wetu, kwani hadi leo wapo wasemao kwamba mikunjo mingi ni akili nyingi. Ubongo wa tembo na ubongo wa pomboo una mikunjo mingi kuliko wetu. Ukubwa wa ubongo, idadi ya seli zake na namna zilivyounganishwa ni mambo ambayo mikunjo peke yake haiwezi kuyaeleza.

Mikunjo inafanya nini basi? Tabaka la nje la ubongo ni kama kitambaa chenye unene wa milimita 2 hadi 4. Kikikunjuliwa chote, kina eneo la sentimita za mraba 2,000 hivi au zaidi, yaani kama mraba wenye upande wa sentimita 45. Kitambaa hicho hakiwezi kuingia ndani ya fuvu pasipo kukunjwa. Kiasi cha theluthi mbili ya eneo lake kimefichika ndani ya mifereji. Ubongo wa panya, ambao ni mdogo, hauna haja hiyo, na kwa hiyo ni laini.

Ubongo wa mtoto aliye tumboni nao huanza ukiwa laini, na mikunjo hutokea hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mwaka 2016 kundi la watafiti lilichapisha jaribio lililoonyesha jinsi nguvu za kawaida za fizikia zinavyoweza kuileta. Walitengeneza mfano wa ubongo huo kwa jeli, wakaupaka jeli nyingine juu yake, kisha wakautia katika kiowevu. Tabaka la nje lilivimba kuliko la ndani. Kwa kuwa halikuwa na pa kwenda, likajikunja, na mikunjo yake ikafanana sana na ile ya ubongo wa kweli.

Picha hiyo katika hesabu

Wanahesabu nao wana "convolution" yao. Wajerumani huiita "Faltung", maana yake kukunja. Jambo lenyewe hufundishwa chuo kikuu, lakini kiini chake anaweza kukielewa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kwani amekuwa akikitumia tangu alipojifunza kuzidisha.

Tuchukue 12 × 34. Andika tarakimu 1 na 2 kwenye ukanda mmoja wa karatasi, na tarakimu 3 na 4 kwenye ukanda wa pili. Sasa ugeuze mpangilio wa ukanda wa pili usomeke 4, 3. Upitishe chini ya ukanda wa kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua uzidishe tarakimu zinazokutana kisha ujumlishe.

Hatua ya kwanza: 3 iko chini ya 1. Jibu ni 3.
Hatua ya pili: 4 iko chini ya 1, na 3 iko chini ya 2. Jibu ni 4 + 6 = 10.
Hatua ya tatu: 4 iko chini ya 2. Jibu ni 8.

Tumepata 3, 10, 8: mamia matatu, makumi kumi na mamoja manane. Jumla ni 300 + 100 + 8 = 408, nayo ndiyo 12 × 34. Orodha moja imegeuzwa na kuviringishwa juu ya nyingine, na kutokana na makutano yao imepatikana orodha ya tatu. Hiyo ndiyo "convolution".

Njia hiyo hutumika kusafisha sauti na picha katika kompyuta. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake waliitumia kuiwezesha kompyuta kujifunza kusoma namba za posta zilizoandikwa kwa mkono, na programu nyingi za leo za kutambua nyuso na kuchunguza picha za eksirei zimejengwa juu ya wazo hilo.

Jinsi neno lilivyopata lawama

Kama kujiviringa kuna manufaa yote hayo, lawama ilitoka wapi? Ilitoka kwa msomaji aliyechoka. Fikiria sentensi hii:

"Kitabu ambacho mwanafunzi ambaye mwalimu aliyehamia hapa jana alimsifu alikiazima kimepotea."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Kila neno lina kazi yake. Lakini sentensi moja imeviringishwa ndani ya nyingine, na hiyo ndani ya nyingine tena, hata msomaji akifika kwenye "kimepotea" amekwisha kusahau ni nini kilichopotea. Tuikunjue: Mwalimu mmoja alihamia hapa jana. Alimsifu mwanafunzi. Mwanafunzi huyo alikuwa ameazima kitabu. Kitabu hicho kimepotea. Habari ni ile ile, ila sasa mkeka umetandikwa.

Figo huviringisha mrija kwa sababu nafasi ni ndogo. Mwandishi aliye na karatasi ya kutosha hana sababu hiyo. Ndiyo maana neno moja likawa maelezo kwa figo na lawama kwa insha.

Kiingereza kina maneno mengine ya mambo magumu, na kila moja lina picha yake ya kazi ya mikono. "Complex" limetokana na kusuka. "Complicated" limetokana na kukunja. "Tortuous" limetokana na kusokota, na shina lake ndilo lililotoa "torque", nguvu ya kuzungusha tunayoisoma katika fizikia.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo hiyo. Mshipi wa mvuvi ukijizonga ovyo husemwa kwamba umetatana. Kutokana na "tata" tumepata utata, matata, tatizo na kutatanisha. Na kama vile kunja hupata kinyume chake kunjua, na funga hupata fungua, ndivyo tata inavyopata tatua. Kutatua tatizo ni kuuondoa uzi katika fundo. Kilatini hufanya kazi hiyo kwa kiambishi cha mbele, Kiswahili kwa kiambishi cha nyuma, lakini fikra ni moja.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo mwanasayansi hana budi kuishika. Kilichotatana hakina utaratibu; ukivuta ncha moja, fundo hukaza. Kilichoviringishwa kina utaratibu. Ukivuta ncha moja, hufunguka.

Neno kwa walimu na wafasiri

Tofauti hiyo inatuhusu sana sisi tunaofundisha sayansi kwa Kiingereza wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili, na zaidi wale wenye jukumu la kuunda istilahi. Anayetafsiri kwa kufuata maana ya kawaida ya mitaani ataandika "mrija wenye utata", na kwa maneno hayo mawili atakuwa amefuta sayansi yote ya figo. Mrija hauna utata wowote. Ni mrija uliojiviringa. Mwanafunzi akisikia maneno hayo huona umbo, na akiliona umbo huuliza sababu yake. Akiuliza sababu, yuko tayari kuelezwa habari ya eneo, nafasi na lita 180. Akisikia "utata", huandika neno daftarini na kufunga daftari.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mwanafunzi istilahi ya kigeni aikariri, mwalimu na ajiulize: neno hili lilikuwa picha ya nini kwa yule aliyelitumia mara ya kwanza? Si kila neno litakubali kufunguka, na si kila kipindi kina muda wa kutosha. Lakini dakika tano zilizotumiwa kufungua shina moja kama "volvere" huweza kuokoa saa nyingi za kukariri maneno kumi ya ukoo wake.

Mazoezi ya darasani

1. Chukua nyuzi mbili zenye urefu wa mita mbili kila moja. Uviringishe mmoja kwenye kijiti. Wa pili ufinyange ovyo mkononi na kuusokotasokota. Vuta ncha ya kila mmoja. Eleza tofauti unayoiona, ukitumia maneno "kujiviringa" na "kutatana".

2. Kata karatasi ya mraba yenye upande wa sentimita 45. Iingize katika kikombe cha chai bila kuichana. Ni sehemu gani ya karatasi inayoonekana kwa nje? Linganisha na tabaka la nje la ubongo.

3. Chunguza jani changa la mgomba kabla halijafunguka, na tumba la ua la mpamba au la haibiskasi. Chora umbo la kila kimoja kama linavyoonekana likikatwa kwa upana.

4. Tumia kanda mbili za karatasi kutafuta 21 × 13. Hakiki jibu lako kwa njia ya kawaida ya kuzidisha.

5. Tafuta katika kitabu chako cha sayansi sentensi moja iliyojiviringa kupita kiasi. Ikunjue kwa kuiandika upya katika sentensi fupi nne au tano, bila kupoteza habari yoyote.